Unene wa Herufi na Makovu ya Wino

Ndugu mwenyekiti, walimu, wanafunzi wa usanifu, na ninyi mafundi wa steshenari na wa mabango mliofunga maduka asubuhi hii ili mje kukaa nasi: asanteni sana.

Nimeombwa nizungumze kuhusu fonti, yaani mitindo ya herufi, na nimechagua aina moja tu. Ni ile nene, yenye kingo za mviringo, iliyojaa mikwaruzo na vidoa vyeupe, kana kwamba imepigwa chapa na mashine ya zamani ambayo wino wake ulikuwa unakaribia kwisha. Mnaiona kwenye mifuko ya kahawa, kwenye fulana, kwenye mabango ya matamasha, kwenye vibao vya migahawa. Wengi wenu mmeshaipakua na kuitumia. Hoja yangu ni kwamba makovu yale yana sababu, na sababu yenyewe ni unene wa herufi. Anayeijua sababu hiyo atajua pa kuyaweka na pa kuyaacha. Asiyeijua atayamwaga popote, na msomaji atahisi kuna uongo mahali fulani hata kama hawezi kuunyooshea kidole.

Nianze na Chicago, kwa sababu ndiko ilikotoka herufi ambayo fonti nyingi za namna hii zinaiiga mpaka leo.

Oswald Bruce Cooper alizaliwa Ohio mwaka 1879, akakulia Kansas, kisha akaenda Chicago kujifunza uchoraji katika shule ya Frank Holme. Mmoja wa walimu wake pale alikuwa Frederic Goudy, ambaye baadaye akawa miongoni mwa wachoraji wakubwa wa herufi nchini Marekani. Mwaka 1904 Cooper akashirikiana na Fred Bertsch wakafungua kampuni yao, Bertsch & Cooper. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuchora kwa mkono maneno ya matangazo. Hakuanza kama mtu wa viwanda vya herufi, alianza na tangazo mezani na mteja anayesubiri, na naamini hilo linaonekana katika kila alichochora. Maneno aliyoyachora kwa ajili ya matangazo ya magari ya Packard yalipendwa kiasi kwamba kampuni ya American Type Founders iliyageuza kuwa herufi za kuchapia za madini ya risasi mwaka 1913, ikaziita Packard.

Kiwanda cha Barnhart Brothers & Spindler, hapo hapo Chicago, nacho kikamtaka achoree kwao. Ikatoka Cooper Oldstyle, na mwaka 1922 ikafuata ile iliyolibeba jina lake duniani: Cooper Black. Watu wa matangazo waliipokea kwa mikono miwili. Wachapaji wahafidhina walinung'unika kwamba ni nzito mno, ni nyeusi mno, inapiga kelele. Cooper mwenyewe alisema ni herufi ya wachapaji wanaoona mbali wenye wateja wasioona mbali. Washindani hawakukaa kimya. Kampuni ya Ludlow ikatoa Ludlow Black mwaka 1924, na mwaka uliofuata Goudy, yule mwalimu wake wa zamani, akachora Goudy Heavyface kwa ajili ya kampuni ya Monotype. Mwalimu akawa anaufuata mkono wa mwanafunzi wake. Kwangu mimi hakuna sifa inayozidi hiyo.

Toeni simu zenu mwitafute Cooper Black, muitazame wakati nikiendelea. Angalieni O kubwa: tundu lake limeegea nyuma, kama lilivyokuwa likitoka kwenye kalamu bapa. Angalieni vile vimiguu kwenye ncha za herufi, ambavyo wachapaji huviita serifu: vimeviringwa mpaka hakuna kona hata moja. Nukta ya i haikusimama wima, imeinama. Mikia ya g na p ni mifupi, hivyo mistari miwili inaweza kukaa karibu bila kugongana. Na matundu ya a na e ni madogo sana, madogo kuliko mnavyodhani mpaka muyapime. Msiyasahau hayo matundu, nitayarudia.

Sasa tuingie kiwandani.

Herufi ya kuchapia, iwe ya risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, au iwe ya mbao, hupakwa wino kwa rola. Karatasi inawekwa juu yake, mashine inagandamiza, karatasi inatolewa. Nguvu ya mashine ni ileile kwa kila kilichopangwa pale, lakini haigawanyiki sawa. Mwanamke aliyevaa viatu vya kisigino chembamba akipita kwenye mchanga wa ufukweni, kisigino kinazama. Akivua akavaa ndala, anatembea juu juu, na uzito wake ni uleule. Ndivyo ilivyo kwa herufi. Herufi nyembamba huipokea nguvu yote mahali padogo, inabonyea kwenye karatasi, inaacha mstari mweusi uliojaa. Herufi nene huitandaza nguvu hiyohiyo juu ya eneo kubwa. Karatasi inagusa wino hapa, pale inauruka, kwa sababu karatasi yenyewe ina mabonde na vilima ambavyo jicho halivioni. Kila palipokosa kugusa panabaki peupe.

Kwa hiyo vidoa vile vyeupe makazi yake ni katikati ya mwili wa herufi nene. Ndipo mgandamizo unapokuwa dhaifu. Fonti nyingi za bei rahisi zinakosea hapa: zinatawanya vidoa kwa usawa herufi nzima, kingo na katikati, mguu mwembamba na mguu mnene, kana kwamba mtu amenyunyiza chumvi. Mashine haichapi hivyo.

Mchapaji akiona bango lake limetoka na mabaka, ana njia tatu. Anaweza kuongeza wino. Wino ukizidi, mgandamizo unausukuma kuelekea kandoni, nao unakusanyika kwenye ukingo wa herufi. Matokeo yake ni herufi yenye mpaka mweusi sana na katikati iliyopauka kidogo. Alama hiyo ya mpaka mweusi ndiyo ninayoitafuta kwanza ninapotaka kujua kama kazi imechapwa kweli kwa herufi zilizoinuka. Anaweza pia kuongeza nguvu, lakini mbao zinachoka na karatasi inaumia. Au anaweza kukaa na kubandika vipande vya karatasi nyembamba chini ya kila herufi iliyo fupi mpaka zote zilingane. Kazi hiyo ya kulinganisha ingeweza kula muda mrefu kuliko uchapaji wenyewe, na mwenye bango la onyesho la usiku mmoja hakuwa tayari kuilipia. Bango lilitoka na makovu yake likabandikwa ukutani. Ndiyo maana mpaka leo jicho letu likiona herufi ya namna hiyo linafikiria muziki, masumbwi, sarakasi, mnada, mambo ya leo leo. Halifikirii hati ya kiwanja.

Kulingana kwenyewe ni kwa vipimo vidogo mno. Marekani na Uingereza urefu wa herufi, kutoka sakafu yake hadi uso unaopakwa wino, ni inchi 0.918, yaani karibu milimita 23.3. Herufi ya mbao iliyotumika miaka mingi ikipungua kwa unene wa karatasi moja tu, tayari inachapa kwa kusuasua. Na mbao ni kitu kinachopumua. Inavuta unyevu, inakauka, inajikunja.

Mnaweza kuuliza kwa nini basi walitumia mbao. Ni kwa sababu herufi kubwa ya risasi ni nzito, ni ghali, na uso wake unaweza kubonyea unapopoa. Darius Wells wa New York alibuni mwaka 1827 mashine ya kuchonga herufi za mbao kwa wingi, na kuanzia hapo mabango yakawa makubwa kadiri mtu alivyotaka. Walitumia mbao ngumu, na uso wa kuchapia ulikuwa ule unaoonekana gogo linapokatwa kwa kukingama, kwa sababu upande huo unavumilia kugandamizwa. Kampuni ya Hamilton, iliyoanza mwaka 1880 huko Two Rivers, Wisconsin, ikawa kubwa kuliko zote katika kazi hiyo, na mji huo sasa una makumbusho ya herufi za mbao yaliyofunguliwa mwaka 1999. Nashville kuna Hatch Show Print, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1879, ambacho bado kinachapa mabango ya wanamuziki kwa herufi zake za zamani. Kule makovu hayatengenezwi na mtu yeyote. Herufi ileile iliyoangushwa sakafuni zamani inaacha pengo lilelile kwenye bango la mwaka huu.

Na hapa ndipo umviringo unapoingia. Herufi ya mbao ikianguka, ya kwanza kuvunjika ni kona. Wino ukizidi, wa kwanza kuziba ni kona. Herufi yenye kona kali inaharibika sura siku ya kwanza, na kila uharibifu unaonekana. Herufi ambayo mchoraji ameshaiviringisha haina kona ya kupoteza. Ikila mkwaruzo mbavuni, bado ina mwili wa kutosha kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Unene na umviringo vinaifanya iweze kuchakaa bila kufa. Chukueni makovu hayohayo myaweke kwenye herufi nyembamba yenye miguu kama nywele, mtaona l imekatika vipande viwili na t haina mkono. Nimeona mialiko ya harusi iliyoandikwa hivyo, jina la bibi harusi halisomeki, na kwangu hilo ni kosa zito, kwa sababu jina la mtu ndicho kitu cha mwisho unachoruhusiwa kukiharibu.

Kuna uchakavu wa aina nyingine ambao watu huuchanganya na huu. Miaka ya 1960 herufi zilizotengenezwa kwa picha badala ya risasi zilienea, na kampuni ya Letraset ya Uingereza ikauza karatasi za herufi za kusugua. Cooper Black ikarudi kwa nguvu. Jalada la albamu ya Pet Sounds ya The Beach Boys, ya mwaka 1966, limeandikwa kwa herufi hiyo. Miaka ya 1970 ikahamia kwenye fulana, herufi za kubandika kwa pasi ya moto kifuani. Herufi ya fulana nayo huchakaa, lakini huchakaa kwa kufuliwa, kukunjwa na kuvutwa. Inapasuka mistari inayokutana na kuachana, na mipasuko hiyo inaanzia kwenye mikunjo na kukata herufi kutoka upande hadi upande. Karatasi haipasuki hivyo, na fulana haipati vidoa vya mabonde ya karatasi. Fundi akitaka bango lionekane limetoka mashineni halafu akatumia fonti yenye nyufa za fulana, amesimulia hadithi mbili kwa mpigo. Amueni kwanza: je, kitu hiki kimegandamizwa au kimefuliwa?

Niseme pia kwamba unene huu hauhitaji uchakavu ili uishi. Ndege za easyJet zina jina lililoandikwa kwa Cooper Black safi kabisa, bila mkwaruzo, na linasomeka vizuri tu. Mkiona mnaongeza makovu kwa sababu muundo wenu haujakaa sawa, rudini kwenye muundo.

Cooper Black yenyewe imetufikia sisi kupitia kompyuta, kwa kuwa imekuwa ikija pamoja na Microsoft Office. Ndiyo maana fundi wa steshenari ambaye hajawahi kusikia jina la Oswald Cooper ameshaitumia kwenye kadi za michango na vipeperushi. Fonti zilizochakazwa zikaja baadaye, kwa kupakuliwa mtandaoni. (Someni leseni zake. Nyingi ni za bure kwa matumizi binafsi tu, na tangazo la mteja si matumizi binafsi.)

Na hapa nataka tukae zaidi, kwa sababu kuna tatizo ambalo wanaoandika Kiingereza hawalioni kwa ukubwa tunaouona sisi.

Fonti ya kawaida ina A moja kubwa. Ukiibonyeza mara nne, inatokea A ileile mara nne. Kama ni safi, hakuna anayejali. Kama ina mkwaruzo, mkwaruzo uleule utatokea mara nne, mahali palepale, kwa sura ileile. Sasa andikeni USIKU WA TAARAB. Hesabuni A: zipo nne, na mbili zimekaa bega kwa bega. Andikeni MAANDAZI. Andikeni KARANGA. Andikeni BARAZA LA WANAWAKE. Lugha yetu imejaa irabu, na A ndiyo inayotangulia. Mtu akiona A mbili pacha zenye kovu pacha, udanganyifu umekwisha hapo hapo, kwa sababu kwenye uchapaji wa kweli hata herufi moja ikichapwa mara mbili haitoi mabaka yaleyale. Wino unabadilika, karatasi inabadilika. Pengo la kuanguka linajirudia, ndiyo, lakini vidoa havijirudii.

Fonti nzuri zimelitatua hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuwa na A kadhaa ndani ya faili moja, na programu inazibadilisha yenyewe kadiri unavyoandika. Hiyo ni kazi ya OpenType, muundo wa faili za fonti wenye uwezo huo, na mara nyingi lazima uiwashe kwenye programu yako. Ya pili inatumika kwenye fonti zenye herufi kubwa tupu: mahali pa A kubwa pana A yenye mabaka ya namna moja, na mahali pa a ndogo pana A nyingine yenye mabaka tofauti. Kwa hiyo badala ya kuandika TAARAB kwa herufi kubwa mwanzo hadi mwisho, unaandika TAaRAB, na kwenye skrini zote zinaonekana kubwa lakini zile A mbili za katikati hazifanani. Ni hila ndogo, inachukua sekunde. Kama fonti haina lolote kati ya hayo mawili, geuza maandishi kuwa umbo, yaani mchoro badala ya herufi za kuandika, kisha uhariri A zako kwa mkono moja baada ya nyingine. Kabla ya kulipia fonti ya namna hii, ipimeni kwa neno lenye A tatu. Mifano ya muuzaji imeandikwa kwa Kiingereza na haitawaonyesha tatizo hili.

Kuna suala la ukubwa pia. Kidoa cheupe kinatokana na karatasi na wino, hivyo ukubwa wake haufuati ukubwa wa herufi. Kwenye bango la kweli, herufi ya urefu wa kiganja na herufi ya urefu wa kidole zina vidoa vinavyolingana. Kwenye kompyuta ukiikuza fonti, kidoa kinakua nayo. Ukiweka kichwa kikubwa na mstari mdogo kwa fonti ileile, cha juu kina mabaka ya ukubwa wa sarafu na cha chini kina vumbi. Kwenye bango la barabarani mabaka yanafikia ukubwa wa sahani. Suluhisho langu ni kutumia fonti safi, kupanga kazi yote, halafu kuweka picha moja ya mabaka juu ya bango zima ili yapite kwenye herufi zote kwa kipimo kimoja. Hivyo A hazifanani, na ukubwa unakubaliana. Tangu nianze kufanya hivi nimeacha karibu kabisa kununua fonti zilizochakazwa tayari.

Mafundi wa stika wanajua jambo la tatu kuliko mimi. Mzunguko safi wa O unahitaji pointi chache tu kwenye faili. O iliyochakazwa inaweza kuwa na mamia au maelfu. Plota, ile mashine ya kukatia stika, ikipewa kazi hiyo inazunguka kila kidoa, kisu kinachana stika, halafu binadamu anakaa kung'oa vipande vidogo kwa sindano mpaka macho yanauma. Msimpelekee fundi wa plota fonti iliyochakaa. Mpelekeeni herufi safi, au pelekeni kazi kwa anayechapa kwa wino.

Na yale matundu ya a na e niliyoyataja. Herufi nene yenye tundu dogo, ikichapwa ndogo kwenye karatasi inayonyonya, tundu linajaa wino, na neno lenye a tano linageuka madoa meusi matano. Makovu hayasaidii hapo, yanaongeza vurugu. Aina hii ni ya vichwa vya habari, majina na maneno machache. Anwani, namba ya simu, bei na saa ya kuanza viandikeni kwa herufi nyingine, nyepesi na safi.

Tunakwenda mezani sasa. Nimeleta rola, wino mweusi, vioo vya kutandazia wino, na raba za ndala zilizooshwa vizuri. Raba ya ndala inakatika kwa wembe, inashika wino, na ni pana kiasi cha kubeba herufi nene. Kila mmoja achore jina la mtaa anaokaa, kwa herufi nene zisizo na kona, azigeuze kama zinavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia, kisha azikate. Mwenye jina lisilo na A mbili achague mtaa wa jirani. Chapeni mara nyingi bila kuongeza wino, kwenye karatasi laini na kwenye karatasi ya kaki, na msitupe hata nakala moja iliyotoka vibaya. Zile zilizopauka ndizo tutakazoziskani kesho, kwa pikseli 600 kwa inchi, na kila mtu ataondoka na faili ya mabaka yake mwenyewe. Mkipata nafasi pitieni pia maktaba zenye magazeti yetu ya kale, mtafute nakala za Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, mwaka mmoja tu baada ya Cooper Black, muone jinsi maneno ya Kiswahili yalivyochakaa kwenye karatasi ya wakati ule.

Walio mstari wa mbele waanze na wembe, walio nyuma waanze kuchora. Maswali nitayajibu tukiwa tunakata.